Baridi ya Mugamba, vape yangu na mafuta ya mawese: nilivyomwachia mwanangu abebe aibu yangu

Wakuu, amahoro.

Navuta.

Nimeliweka neno hilo peke yake kwenye mstari wake kwa sababu nimelikana kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimelikana kwa marehemu mume wangu, kwa mchungaji, kwa daktari wa meno aliyekuwa anaangalia meno yenyewe, na kwenu humu jukwaani.

Wengine mtaukumbuka uzi wangu mrefu wa kuwasema vijana wanaovuta. Ule niliomalizia kwa kusema mwili ni nyumba, usiijaze moshi. Mlinisifu sana. Niliuandika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ulikuwa umeshika vape.

Haya ninayoyasimulia hayana chumvi niliyoongeza. Yalikuja na chumvi yake. Mkiona herufi imeruka, ivumilieni.

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa lycée, yaani sekondari, hapa Rumonge, upande wa Warundi kando ya ziwa, mjane, umri wa miaka hamsini na mbili. Nilikulia ukimbizini upande wa Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu bado kinasimama wima kidogo kuliko cha majirani zangu, ingawa nacho kimeanza kuinama.

Sigara nilianza chuo kikuu. Wakati ule nilidhani mwanamke anayesoma vitabu vinene lazima awe na moshi kidogo kichwani. Vitabu nilivimaliza, moshi ukabaki.

Miaka mitatu iliyopita rafiki yangu mmoja anayeishi Ulaya alikuja likizo akaniachia vape yake ya zamani, sigara inayotumia betri. Nilimshukuru kana kwamba ameniletea dawa. Haina majivu, haina kiberiti, hainuki mdomoni. Ni nyembamba kama kalamu, kwa hiyo niliiweka ndani ya trousse yangu ya shule, kati ya kalamu nyekundu na nyeusi. Nilikuwa nafunga safari za kila jioni kwenda nyuma ya nyumba "kupata hewa ya ziwa". Hewa hiyo ilikuwa na ladha ya embe.

Na hapa Rumonge haikuwahi kunisumbua. Joto la huku mnalijua. Dawa yake, yaani yale maji yanayogeuka mvuke, ilikuwa nyepesi muda wote. Betri ilikuwa inakaa siku nzima. Nikaamini kifaa ni kizuri. Kumbe kizuri kilikuwa joto.

*

Sasa mwanangu.

Eloge ana miaka ishirini na minane. Ana mashine ya kukamua mawese kule Minago, yeye na wenzake wawili. Mwaka juzi alimpata binti anaitwa Inès, muuguzi, kwao ni juu kabisa Mugamba, kule milimani ambako watu wanalala na blanketi mbili na bado wanalalamika.

Baba yake Inès ni mzee mpole wa ng'ombe na viazi. Alimpenda Eloge. Lakini alikuwa na sharti moja. Mdogo wake alikufa kwa mapafu, baada ya kuvuta tangu utotoni, na yeye mzee ndiye aliyemshika kichwa siku ya mwisho. Akasema binti yake hatalala pembeni ya moshi. Sharti hilo tu. Mengine yote, alisema, yanazungumzika.

Eloge alikuwa amewahi kuvuta, siku za ujana. Hakuficha. Alimwambia mzee uso kwa uso: nilivuta, nimeacha, una haki ya kunichunguza. Mzee akampa mkono.

Mwanangu aliponisimulia hayo nilimsifu kwa ushujaa. Nikajiuliza ukweli wa namna hiyo ameurithi kwa nani. Upande wangu haupo.

Basi tukapanga siku ya kwenda kuposa rasmi. Shemeji yangu Muzee Bukuru, ndugu wa marehemu, ndiye alikuwa msemaji wetu, kwa sababu ana mithali nyingi na hana haraka. Tukakodi minibasi. Tukabeba samaki wa mukeke kwenye barafu, ndagala kavu, yaani dagaa, gunia zima, na vidumu viwili vya mawese ambayo Eloge aliyakamua mwenyewe. Aliyachuja mara mbili. Alisema anataka wakwe zake wajione uso ndani yake.

Tuliondoka alfajiri. Mnaoijua barabara ya kutoka ziwani kupanda Bururi mnajua: masikio yanaziba, vioo vinaanza kutoka jasho, na wanawake wanaanza kuulizana nani ana kitenge cha ziada.

Tulipokuwa katikati ya mlima, gari zima likaanza kunukia embe.

Muzee Bukuru akageuka. "Nani amebeba maembe? Musimu haujafika."

Kumbe kadiri unavyopanda, hewa ya nje inakuwa nyepesi, na ile iliyofungiwa ndani ya vape inasukuma dawa itoke. Mimi sikujua. Trousse yangu ilikuwa imelowa ndani ya mkoba, daftari za wanafunzi nilizobeba kusahihisha zimepata mafuta ya embe. Nikasema ni pommade ya mikono. Wakaniomba. Nikasema imeisha.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku, na jua lilikuwa bado halijapanda vizuri.

*

Tukafika kwenye ukungu. Kiangazi huku chini ni vumbi na joto. Kule juu asubuhi ni kama mtu amefungua mlango wa friji na kusahau kuufunga.

Tuliposhuka, kila mtu alikuwa anatoa moshi mdomoni. Mchungaji wetu alikuwa anatoa moshi. Muzee Bukuru alitoa moshi kama treni ya Kigoma. Wakuu, niseme ukweli wangu mchafu: nilifurahi. Niliona Mungu ameniwekea pazia. Nikasema naenda msalani.

Nyuma ya choo, penye mikalatusi, nikatoa kalamu yangu. Nikavuta.

Hakuna kitu.

Taa yake ikawaka na kuzima mara tatu, yaani betri imeisha. Imeisha vipi? Niliijaza usiku nyumbani. Nikavuta tena kwa nguvu, nikapata ladha ya kitambaa kilichoungua na kikohozi cha kuita watu.

Leo nimeshasoma, naweza kuwaeleza. Betri za namna hii zikipoa zinakuwa nzito kutoa umeme. Umeme umo ndani, ila hautoki, kama mwanafunzi anayejua jibu na hanyooshi mkono. Baridi ya Mugamba si ya theluji, na betri mpya pengine ingeivumilia, lakini yangu ilikuwa mzee kama mimi. Halafu ile dawa nayo inaganda kidogo, inakuwa nzito, haiingii upesi kwenye ile pamba ya ndani inayopashwa moto. Ukivuta, pamba iko kavu, inaungua. Ndiyo ile ladha.

Siku ile sikujua lolote. Nilijua tu kwamba nina saa tano za hotuba mbele yangu na sina hata pumzi moja.

Nikaenda jikoni, kusalimia akina mama. Na kupata joto.

Jiko lao ni kijumba cha peke yake, mafiga matatu katikati, moto wa kuni. Mama yake Inès alikuwa anacheka peke yake mbele ya kidumu chetu. Mawese ya Eloge yalikuwa yameganda. Yamekuwa magumu, rangi ya chungwa lililoiva, hayamwagiki. Ukilaza kidumu, hakitoi hata tone.

"Mafuta yenu yanaogopa baridi kuliko nyinyi," akasema. Tulikuwa tunasema Kirundi, nawatafsiria.

Akachukua beseni, akatia maji ya moto, akakisimamisha kidumu humo, karibu na mafiga. Tukakaa tunaongea habari za magoti. Haukupita muda, mafuta yakaanza kuyeyuka pembeni, yakashuka, yakang'aa. Akamimina kwenye sufuria bila shida.

Mimi nikayatazama yale mafuta.

Wakuu, nina shahada ya chuo kikuu. Nimewafundisha watoto wa watu tofauti ya mfano na ushahidi. Lakini pale nilikuwa mtu wa Rumonge tu, na mtu wa Rumonge anajua: kilichoganda kwa baridi kinaponywa kwa moto.

Na kulikuwa na jingine. Ukimbizini, baba yangu alikuwa na redio. Betri zikiisha alikuwa anazianika juu ya bati, saa sita mchana, kisha jioni tunapata dakika kumi za habari za kwetu. Wenye umri wangu mnalijua jambo hili. Betri iliyochoka hupewa jua. Ikikosekana jua, hupewa moto wa mbali. Sote tumekua hivyo, na kwetu sote redio ilisema.

Kwa hiyo akina mama walipotoka kwenda kupanga viti, niliichomoa kalamu yangu na kuilaza juu ya figa la pembeni, lile lililo mbali na ndimi za moto, nyuma ya kidumu cha pili kilichokuwa kinasubiri zamu yake. Umbali wa shibiri mbili hivi. Nikasema dakika tano, naichukua.

Nikaitwa. Wazee wamekaa, mama wa kijana anasubiriwa.

*

Mnaojua posa zetu mnajua hakuna dakika tano.

Msemaji wao aliuliza kama tumepotea njia. Muzee Bukuru akajibu kwamba aliyefuata harufu ya maua hawezi kupotea. Yule akasema maua ya huku yana walinzi. Huyu akasema nyuki haogopi mlinzi. Wakaenda hivyo, wanasukumana kwa mithali, watu wanacheka na kupiga makofi. Eloge alikuwa mbele, suti nyeusi, shingo imenyooka. Mimi nyuma yake kwenye benchi la wanawake. Nilikuwa nawaza figa.

Mara mbili nilijaribu kunyanyuka. Mara mbili mama mmoja akanishika kitenge: mama wa muoaji haondoki wakati anaombewa binti.

Muzee Bukuru alikuwa ameanza tu kulitaja jina la Inès.

Ndipo ilipolia.

Sijui niueleze vipi mlio ule. Haukuwa mkubwa kama mnavyodhani. Ulikuwa mkavu. Lakini sisi Warundi wa rika langu, tuliopitia vita, hatuulizi mlio ni wa nini. Tunalala chini kwanza.

Nilipofungua macho, wazee kumi na watano wa heshima walikuwa wamelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, na suti zao. Mchungaji alikuwa chini ya meza ya vinywaji. Msemaji wao na msemaji wetu, waliokuwa wanashindana sasa hivi, walikuwa wameshikana mikono. Hakuna aliyepiga kelele. Hicho ndicho kilichonitisha. Wote tulijua la kufanya, na wote tulilifanya kimya.

Kisha tukasikia jikoni mtu anaita maji.

Beseni lilikuwa limepinduka. Kidumu kilichokuwa ndani yake kimepasuka ubavuni, mawese yametapakaa sakafuni, na ukingo mmoja umeshika moto. Shangazi mmoja wa Inès akachota jivu na mchanga kwa ungo, akamwaga, akamwaga, mpaka ukazima. Mama yake Inès alikuwa ameungua kifundoni, kidogo, pa ukubwa wa kifungo cha shati. Bibi yake Inès, mama mzaa baba, mwanamke wa miaka themanini na kitu, alikuwa amekaa mlangoni, masikio yanamvuma, anayatazama makaa.

Dakika moja zaidi, wakuu. Dakika moja na lile jiko lingekuwa kaburi. Nimeliona hilo kila nikifumba macho.

Wakakichukua kitu chenyewe kwa koleo. Bomba la chuma limefunguka kama ganda la hindi. Wakakizungusha mkono kwa mkono, wengine wakisema ni risasi ya zamani, mpaka binamu mmoja anayesoma Bujumbura akasema, kwa sauti ya mtu anayefurahi kujua: "Hii ni vape. Ni sigara ya umeme."

Baba yake Inès akakiweka kwenye kiganja chake. Akakinusa. Kisha akamtazama Eloge.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alimuuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Ni chako?"

"Si changu, mzee."

"Ulikuja nacho?"

"Hapana."

Mzee akasubiri, akauliza mara ya tatu, polepole, kila neno mahali pake: "Mwanangu, mbele ya watu hawa, hiki ni chako?"

"Si changu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Eloge. Nikaweka mkono begani kwake, nikamminya kidogo, kama mama anayemtia mwanawe moyo.

Na sikusema kitu.

Nimejiuliza nilikuwa nawaza nini. Ningependa kusema niliwaza mambo makubwa. Niliwaza uzi wangu wa "mwili ni nyumba". Niliwaza wanafunzi. Niliwaza jinsi akina mama wale watakavyoniangalia kitenge kuanzia juu mpaka chini. Ndiyo hayo. Mwanangu alikuwa anazama, mimi naangalia kama nguo yangu italowa.

Hawakututukana. Watu wa kule hawatukani. Msemaji wao alisimama akasema mazungumzo yamepata baridi, turudi salama, wataleta neno. Bia ilibaki kwenye masanduku, haikufunguliwa. Kisha vijana wawili wakakileta kile kidumu cha pili, kilichonusurika, wakakiweka garini kwa adabu.

Zawadi ikirudishwa kwa adabu inauma kuliko ikitupwa.

Tukashuka. Tulipofika chini na kuona ziwa, joto likatupokea, na mawese yalikuwa yameyeyuka, yanacheza ndani ya kidumu kila penye tuta. Sisi tulikuwa bado tumeganda.

*

Siku tisa hazikuleta neno.

Inès hakupokea simu. Baadaye tulijua alikuwa amemwahidi baba yake asipokee mpaka jambo litulie. Eloge aliendelea kwenda Minago kila siku. Jioni alikuwa anarudi, ananawa, anakaa. Aliwawaza wenzake wote, mmoja mmoja, nani angeweza kuwa amekiacha kitu kile. Akamshuku dereva. Akamwendea dereva, wakagombana mpaka wakashikana mashati. Mimi niliwaamulia. Mnaona nilivyokuwa mtu mwema.

Siku ya tisa akaja kibarazani na kalamu na karatasi.

"Mama," akasema, "mi sijui kupanga maneno. Nisaidie barua kwa muzee. Wewe ukiandika ataamini. Watu wote wanajua hausemagi uongo."

Nikachukua kalamu.

Wakuu, niliandika. Hilo ndilo linalonishtua kuliko mlipuko. Niliandika barua tatu, kila moja nzuri kuliko nyingine, Kirundi safi, aya zimepangwa. "Mwanangu hakuwa na kitu kile." Kweli. "Mwanangu aliacha kuvuta kabla ya kumjua binti yako." Kweli. "Namfahamu kama ninavyojifahamu." Nikaisoma tena barua hiyo ya tatu na nikaona kila sentensi ni kweli na barua nzima ni uongo. Miaka yote hii nimewafundisha watoto kuandika insha, na hiyo ndiyo ilikuwa insha yangu bora.

Eloge alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama fundi.

Nikaichana. Nikasema: "Kile kitu kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyekiweka jikoni."

Alicheka kwanza. Alidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wangu.

Alisimama, akaenda hadi kwenye mlango wa nyuma, ule ninaotokea kwenda kupata hewa ya ziwa, akautazama. Akarudi, akaweka simu yake mezani mbele yangu, namba ya mzee imeshatokea.

"Piga," akasema. "Weka sauti nje. Nataka kusikia."

*

Kabla ya simu, niseme yale ya faida, maana wengine mmefungua uzi huu kwa ajili ya betri.

Ukienda sehemu ya baridi na vape, iweke karibu na mwili, mfuko wa ndani wa koti, inatosha. Ikipoa na kugoma, iache irudi yenyewe taratibu ndani ya nguo. Usiisogeze kwenye moto, usiilaze juu ya jiko, usiianike juu ya bati, na usiichaji ingali baridi. Zile betri za redio za baba zetu zilikuwa kitu kingine. Hizi zikipata moto hazisemi habari, zinalipuka. Mkipanda mlima, msiijaze dawa mpaka juu, itavuja. Na usivute pamba kavu kwa nguvu, unaunguza koo bure.

Ila kama unaniuliza mimi, iache nyumbani, kisha ukifika nyumbani iache pia. Hii ni siku ya kumi na tatu sijagusa kitu. Nina hasira, nakula njugu kama panya, na wanafunzi wameanza kuniogopa kwa sababu mpya.

Somo jingine ni fupi. Nilidhani naficha moshi. Moshi nilikuwa sijauficha vizuri hata kidogo, daktari wa meno shahidi. Nilichokuwa naficha ni mtu ambaye angeweza kumwachia mwanawe mzigo na kumshika bega.

Anayejua zaidi mambo ya betri anisahihishe hapa chini. Aliyewahi kumbebesha mtu wake aibu isiyo yake, anieleze aliitua vipi. Wenye matusi nawakaribisha, nimeyafanyia kazi, ila yaandikeni kwa aya fupi, macho yangu si ya zamani. Na ule uzi wangu wa kuwasema vijana, naomba wasimamizi wauache palepale. Nataka uonekane.

Simu nimeiacha mwisho kwa sababu sina cha kuongeza baada yake.

*

Aliyepokea hakuwa mzee. Ilikuwa sauti ya bibi. Mzee yuko zizini, akasema, nani mwenzangu?

Nikasema ni mama yake Eloge, na kwa kuwa nilijua nikisubiri nitarudi nyuma, nikayasema yote palepale, kwa bibi wa miaka themanini na kitu: kitu kile ni changu, nilikilaza juu ya figa kipate joto, mwanangu hakujua.

Nikadhani simu imekatika.

"Juu ya figa la pembeni," bibi akasema. "Nyuma ya kidumu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikiona. Nilisema hii ni betri ya tochi ya wageni, wameiweka ipate joto, na wameiweka mbali kwa sababu ya haya. Mgeni huwa ana haya. Nikakisogeza kwenye makaa."

Eloge akainua kichwa.

"Siku tisa sijamwambia mtu," bibi akaendelea. "Niliogopa wataniambia nimechoma nyumba ya mwanangu. Mimi na wewe tumekaa kimya kama mafiga mawili. La tatu ni huyo kijana, na chungu chote kikamlalia yeye. Ngoja."

Tukasikia anatembea, polepole, na fimbo. Tukasikia ng'ombe. Tukamsikia anamweleza mwanawe, mambo yote mawili, langu na lake, bila kupunguza. Kisha pumzi ya mzee kwenye simu.

Nikaanza kurudia. Akanikatiza.

"Nimeshasikia. Nina swali moja. Siku ile nilipomuuliza mara tatu, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma yake."

"Nilikuona. Ulikuwa umemshika bega."

"Ndiyo, mzee."

"Jioni ile nilimwambia mke wangu: kijana yule ni mwongo, lakini ana mama." Ng'ombe mmoja akalia karibu kabisa na simu. "Kumbe hakunidanganya hata mara moja."

Eloge alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili, na mabega yanamtikisika, na safari hii sikuthubutu kumgusa.

"Wale wazee wote niliowaita siku ile, nitawaita tena Jumamosi," mzee akasema. "Mlete mwanangu. Na wewe njoo. Ila siku hiyo hutakaa nyuma yake. Utakaa mbele, na utaanza wewe kusema."